Uzamili wa Uhamiaji na Sera za Jamii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila msimu wa maombi ya vyuo unapofunguliwa napata ujumbe uleule kutoka kwa watu tofauti: waliomaliza shahada ya kwanza Dodoma na Nairobi, maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, vijana waliofanya kazi kambini Kigoma, na wakimbizi wenyewe. Mimi nilifanya kazi Kasulu miaka minne kabla ya kwenda Uingereza kusoma uzamili wa uhamiaji na sera za jamii. Haya ndiyo majibu ninayowapa. Ada na masharti ya viza hubadilika, hivyo kabla ya kulipa chochote hakikisha kwenye tovuti ya chuo na ya serikali husika.

## Fani yenyewe

1. Shahada hii inahusu nini hasa?

Inahusu watu wanaohama na huduma wanazozikuta wanakofikia. Sera za jamii ni elimu, afya, makazi, kazi na hifadhi ya jamii: nani anapewa, kwa masharti gani, na kwa fedha za nani. Ukiziunganisha na uhamiaji, swali linakuwa hili: mtu asiye wa hapa, au anayedhaniwa si wa hapa, ana haki gani?

Huwa nawaambia watu wafikirie dirisha. Mama amefika zahanati na mtoto mwenye homa. Anaulizwa kitambulisho. Hana, au anacho cha nchi nyingine, au ana karatasi inayosema hapaswi kuwa nje ya kambi. Dakika tano zinazofuata ndizo tunazozisoma mwaka mzima. Pale dirishani vinakutana sheria iliyotungwa mji mkuu, bajeti ya halmashauri, lugha anayoizungumza yule mama, na hofu ya mhudumu ya kulaumiwa na wakubwa wake. Johannesburg mambo yamefika mbali zaidi: makundi ya raia yamesimama kwenye mageti ya kliniki za umma, yakidai vitambulisho na kuwarudisha wageni. Mama wa namna hiyo hata dirishani hafiki.

2. Kozi hizi huzungumzia sana "jamii mchanganyiko". Ni jambo geni kweli? Sisi si tumechanganyika tangu zamani?

Tumechanganyika. Mtu wa Ujiji, Mombasa au Unguja hahitaji kufundishwa kuishi na jirani wa asili nyingine. Kinachochunguzwa hapa ni kitu cha ndani zaidi. Mwaka 2007 mtaalamu Steven Vertovec, akiitazama London, alieleza kwamba kuwahesabu watu kwa nchi walizotoka hakutoshi tena. Wawili waliotoka nchi moja wanaweza kutofautiana hadhi ya kisheria, elimu, umri, dini na njia waliyopitia kufika.

Mfano wa karibu ni Eastleigh, Nairobi. Katika duka moja unaweza kuwakuta Msomali raia wa Kenya, Msomali aliyeandikishwa ukimbizi Dadaab, na Msomali mwenye pasipoti ya Uingereza aliyerudi kufanya biashara. Wanaongea lugha moja, wanaswali msikiti mmoja, pengine ni watoto wa mama mdogo na mama mkubwa. Wakienda kufungua akaunti benki, ni watu watatu tofauti kabisa.

Upande wa Uingereza, mji unaotajwa sana ni Birmingham. Sensa ya 2021 ilionyesha kuwa waliojitambulisha kuwa weupe ni asilimia 48.6 ya wakazi, yaani chini ya nusu. Mji wa namna hiyo unalazimika kujiuliza upya shule, hospitali na nyumba za halmashauri zinamhudumia nani.

3. Inatofautianaje na shahada ya masomo ya wakimbizi?

Masomo ya wakimbizi huanzia kwenye kukimbia: vita, mateso, kambi, sheria ya hifadhi. Kituo kinachojulikana zaidi ni kile cha Oxford, kilichoanzishwa mwaka 1982 na Barbara Harrell-Bond. Fani yetu huchukua watu wengi zaidi, wakiwemo wafanyakazi wa ndani walioko Ghuba, wanafunzi, wauguzi walioajiriwa nje, na watoto waliozaliwa na wahamiaji, kisha inauliza huduma zinawafikiaje. Masomo mengi yanafanana. Soma orodha ya kozi, usichague kwa jina la shahada.

4. Mkimbizi, mwomba hifadhi, mhamiaji, asiye na uraia: maneno haya yana tofauti?

Yana tofauti kubwa, na kosa la kuyachanganya limewagharimu waombaji wengi wazuri.

Mkimbizi kwa Mkataba wa 1951 ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi au asili, dini, uraia, msimamo wa kisiasa au kundi la kijamii analotoka. Mkataba huo ulilenga matukio ya kabla ya 1951, na Itifaki ya 1967 ndiyo iliyoondoa mpaka huo. Afrika tuliongeza letu: Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unamtambua pia anayekimbia uvamizi, utawala wa kigeni au machafuko makubwa yanayovuruga usalama wa umma. Mkulima wa Fizi, mashariki mwa Kongo, anayekimbia mapigano bila mtu yeyote kumlenga yeye binafsi analindwa na mkataba huu wa kwetu kwa urahisi kuliko ule wa 1951. Liandike hilo kwenye maombi yako kama linahusika. Walimu wengi wa Ulaya hulitaja kwa sentensi moja tu.

Mwomba hifadhi ni yule ambaye ombi lake halijaamuliwa. Mhamiaji ni neno pana la yeyote aliyehama.

Asiye na uraia huenda hakuhama hata hatua moja. Wamakonde wa Kwale waliishi Kenya kwa vizazi, bila vitambulisho, mpaka walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 wakatambuliwa kuwa raia. Wapemba wa pwani ya Kenya walitambuliwa mwaka 2023. Hadi hapo, mvuvi aliyezaliwa Kilifi hakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lake wala kufungua akaunti benki. Kama unatafuta mada ambayo darasa zima halitakuwa nayo, iko hapo.

5. Lazima niwe nimesoma sosholojia?

Hapana. Darasani kwetu kulikuwa na wanasheria, wauguzi, walimu, mwandishi wa habari na mhasibu. Wanaohangaika zaidi ni wale ambao hawajawahi kuandika insha ndefu yenye hoja. Kama shahada yako ilikuwa ya mitihani mitupu, anza sasa kujifunza kuandika.

## Wapi pa kusoma

6. Ni lazima niende Ulaya?

Si lazima. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kina kituo cha masomo ya uhamiaji na jamii chenye sifa kubwa, nacho kimezungukwa na jambo lenyewe. Chuo Kikuu cha Marekani cha Cairo kina uzamili wa uhamiaji na wakimbizi. Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, kina kituo chake cha masomo ya uhamiaji.

Ipo pia njia ya kati. Uzamili wa pamoja uitwao EMMIR unaendeshwa na vyuo vya Ulaya, kikiongoza Oldenburg cha Ujerumani, pamoja na vyuo vya Afrika, vikiwemo Makerere na Mbarara vya Uganda. Mwanafunzi husoma katika nchi zaidi ya moja.

Ukiniuliza mimi: kama unataka kufanya kazi ya sera katika ukanda huu, usiidharau Johannesburg. Nilisoma Uingereza na sijutii, lakini mifano mingi niliyofundishwa ilibidi niipindue kabla haijaingia kwenye mazingira yetu. Huko, dola ina taarifa za kila mtu na swali ni kama itampa au itamnyima. Kwetu, mara nyingi hata raia mwenyewe hajaandikwa popote.

7. Kwa nini walimu wanaitaja Afrika Mashariki mara kwa mara?

Kwa sababu majirani watatu wamechukua njia tatu, na matokeo yanaonekana kwa macho.

Uganda, kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006, inampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi na kutembea, na makazini anapewa kipande cha ardhi. Makazi ya Nakivale yapo tangu miaka ya mwisho ya ukoloni. Nchi hiyo ndiyo inayohifadhi wakimbizi wengi zaidi Afrika, zaidi ya milioni 1.7. Tatizo ni kwamba vipande vya ardhi vinazidi kuwa vidogo na fedha za wafadhili zinapungua, na ruhusa ya kulima haishibishi pasipo na pa kulima.

Kenya iliwaweka wakimbizi Dadaab kuanzia 1991 na Kakuma kuanzia 1992. Sheria mpya ya 2021 na mpango uitwao "Shirika", uliozinduliwa 2025, vinakusudia kuzigeuza kambi hizo kuwa miji inayohudumiwa pamoja na wenyeji wa Garissa na Turkana. Sheria hiyo ina kifungu ambacho watu hukipita haraka: mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kuuacha ukimbizi kwa hiari na kutumia haki za raia wa Jumuiya. Sudan Kusini iliingia Jumuiya 2016, Kongo 2022, na Somalia ikafuata. Maana yake ni kwamba wakimbizi wengi wa Kenya leo wanatoka katika nchi wanachama. Je, nani atathubutu kuuacha ulinzi wa mkimbizi kwa ahadi ya Jumuiya? Ningekuwa na miaka mitatu ya uzamivu, ningeitumia hapo.

Tanzania ina historia ya kipekee. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na takriban 162,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia, wakaanza kukabidhiwa vyeti mwaka 2014. Wachache duniani wamefanya jambo kubwa kiasi hicho. Nchi hiyohiyo, kwa wale waliokuja miaka ya karibuni, iliwataka wabaki kambini Nyarugusu na Nduta, na mwaka 2018 ilijitoa katika mpango wa kimataifa wa kuwachanganya wakimbizi na wenyeji. Mambo haya mawili yametokea katika mkoa wa Kigoma na majirani zake. Kuyaeleza yote mawili bila kuitukana wala kuipamba nchi ni kipimo kizuri cha msomi.

## Maombi na fedha

8. GPA yangu inatosha?

Vyuo vingi vya Uingereza hutaka daraja la pili la juu. Kwa vyuo vya Tanzania hiyo ni GPA ya 3.5 na kuendelea kati ya 5, na kwa Kenya ni asilimia 60 na kuendelea. Ukiwa chini kidogo na una uzoefu wa kazi, andika barua pepe kwa mratibu wa kozi kabla ya kuomba. Vyuo kadhaa hupokea daraja la pili la chini kwa mwombaji aliyefanya kazi ya maana kwenye fani.

9. Ufadhili upi unanifaa?

Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza. Inadai angalau miaka miwili ya uzoefu wa kazi, na lazima urudi nchini kwako kwa miaka miwili baada ya masomo. Maombi hufunguliwa mwezi Agosti.

Ufadhili wa Jumuiya ya Madola ni wa raia wa nchi wanachama: Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wamo, ila Burundi na Kongo hawamo. Mkimbizi soma pia swali la 16 kabla hujakata tamaa.

Erasmus Mundus hulipa ada na posho ya euro 1,400 kwa mwezi kwa muda wote wa masomo, usiozidi miezi 24. Haina ukomo wa umri, na aliye mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza anaruhusiwa kuomba. Kwa mtu asiye na uzoefu wa kazi hapa ndipo pa kuanzia.

Ujerumani, vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo. Jimbo la Baden-Württemberg hutoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Tatizo la Ujerumani ni akaunti iliyofungiwa: unatakiwa kuweka gharama za kuishi za mwaka mzima kabla ya viza, karibu euro 12,000. Ndugu wengi huishia hapo.

Usilipe wakala anayekuahidi ufadhili. Chevening, Jumuiya ya Madola na Erasmus Mundus hazitozi ada ya kuomba ufadhili.

10. Niandike nini kwenye barua ya maombi?

Barua nyingi ninazoletewa kusoma huanza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku ya kuwasaidia wanyonge." Futa sentensi hiyo. Msomaji ana barua mia tatu mezani na mia mbili zinaanza vivyo hivyo.

Anza na dirisha lako, jambo moja ulilolishuhudia na ambalo bado hulielewi. Ofisa ustawi mmoja wa kanda ya ziwa aliniletea rasimu ya kurasa mbili juu ya umaskini duniani. Nilimuuliza kazini kwake kinachomsumbua ni nini. Akanisimulia watoto wa mama Mrundi na baba Mtanzania wanaokwama kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa sababu baba hakujitokeza ofisini na mama anaogopa kujitokeza. Dakika kumi za maongezi, na barua ilikuwa imepatikana. Alipata nafasi.

Kisha eleza kwa nini kozi hiyo, kwa kutaja masomo mawili au matatu yatakayokusaidia kulijibu swali hilo. Malizia na utakachokifanya ukirudi, kwa jina la ofisi au kazi, si "kuleta mabadiliko".

11. Nahitaji mtihani wa Kiingereza?

Vyuo vingi hudai IELTS, mara nyingi 6.5. Baadhi hukubali barua ya chuo chako inayothibitisha kuwa ulisomeshwa kwa Kiingereza. Uliza kabla ya kulipia mtihani.

## Maisha ya masomoni

12. Naweza kwenda na mume, mke au watoto?

Uingereza, hapana, kwa uzamili wa darasani. Tangu Januari 2024 ruhusa hiyo ilifutwa, isipokuwa kwa masomo ya utafiti na baadhi ya wenye ufadhili wa serikali. Kwa wazazi wenye watoto wadogo hili ni zito, na nimeona wenzangu wakilia kwenye simu usiku. Fikiria nchi nyingine au chuo cha Afrika kama mtoto hana wa kuachiwa.

13. Ni gharama gani watu huzisahau?

Kwa Uingereza ni tozo ya afya, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, inayolipwa kabla viza haijatoka. Kwa kuwa viza huzidi muda wa kozi, kozi ya mwaka mmoja huishia kugharimu zaidi ya tozo ya mwaka mmoja. Ongeza cheti cha kupimwa kifua kikuu, kinachodaiwa kwa waombaji wa Tanzania, Kenya na Uganda.

Viza yako itakuwa na maneno yanayosema huna ruhusa ya kutumia fedha za umma, yaani misaada ya kipato na nyumba. Utakuwa umelipa tozo, unafanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula, unakatwa kodi ukifikia kiwango, na milango fulani imefungwa. Nilijifunza sera za jamii kwa kuyasoma maneno yale kwenye hati yangu mwenyewe kuliko kwa mhadhara wowote.

## Utafiti na tasnifu

14. Naweza kufanya utafiti kambini?

Unaweza, ila anza mapema. Tanzania kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, Kenya na NACOSTI, Uganda na UNCST. Juu ya hicho kuna ruhusa ya kuingia: Tanzania Wizara ya Mambo ya Ndani, Uganda Ofisi ya Waziri Mkuu, Kenya idara ya huduma kwa wakimbizi. Chuo nacho kina kamati yake ya maadili. Kwa tasnifu ya miezi mitatu, vibali hivi vinaweza kuumaliza muda wote. Wengi hufanya mahojiano mijini, au hutumia nyaraka za sera na takwimu zilizochapishwa, na tasnifu zao hazipungukiwi kitu.

15. Kuzungumza Kiswahili kunanisaidia kiasi gani?

Sana, kuliko unavyodhani. Wakongo wa Kivu walioko Ulaya na Marekani, Warundi waliokulia kambini Tanzania, Wabarawa wa pwani ya Somalia, wengi wao unaweza kuwahoji bila mkalimani.

Lakini Kiswahili chako si chao. Mtu wa Uvira, Kongo, atakuelewa na bado mtapishana kwenye neno. Jambo zito zaidi ni kwamba ukiongea Kiswahili cha Tanzania na mtu aliyewahi kufukuzwa Tanzania, anaweza kukusikia kama ofisa. Mama mmoja alinijibu "ndiyo" kwa kila swali kwa nusu saa, mpaka nilipofunga daftari nikamwambia mimi ni mwanafunzi, sina ripoti ninayoipeleka popote. Ndipo akaanza kuzungumza. Majibu ya ile nusu saa niliyatupa yote.

## Hali za pekee

16. Mimi ni mkimbizi. Naruhusiwa kuomba?

Ndiyo. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa uzamili hupokea pia aliyepewa hadhi ya mkimbizi na nchi mwanachama inayostahili, hivyo Mkongo aliyetambuliwa na Kenya au Uganda anaweza kuomba. Ufadhili wa DAFI, unaojulikana sana kambini, unalenga shahada ya kwanza, usiusubiri kwa uzamili.

Ugumu utakuwa hati ya kusafiria na ruhusa ya kurudi. Shughulikia hati ya kusafiria ya mkimbizi siku ileile unayoanza maombi, na hakikisha inakupa haki ya kuingia tena nchi inayokuhifadhi. Usisafiri bila uhakika huo.

17. Nataka kusoma ili nibaki huko. Ni kosa?

Si kosa, na fani hii haina ruhusa ya kumhukumu anayehama. Ila uwe na hesabu sahihi. Chevening itakudai urudi (swali la 9). Viza ya Uingereza ya baada ya masomo ni ya miaka miwili, na kwa watakaoiomba kuanzia Januari 2027 itakuwa miezi 18 kwa wenye uzamili. Ndani ya muda huo unatafuta mwajiri atakayekudhamini kwa mshahara wa kiwango kilichowekwa, na kazi za mashirika ya wahamiaji mara nyingi hazifiki hapo.

18. Kuna kazi kweli?

Zimepungua. Mwaka 2025 Marekani ilikata misaada yake, na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na mashirika mengi yakapunguza maelfu ya watumishi. Anayekuambia mambo ni yaleyale ya 2016 hakuambii kweli. Penye nafasi sasa, kwa ninavyoona, ni serikali za kaunti na halmashauri, sekretarieti za Jumuiya ya Afrika Mashariki Arusha na IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika, Djibouti, mifuko ya hifadhi ya jamii inayotafuta namna ya kuwaandikisha raia wanaofanya kazi Oman na Saudia, na ualimu wa vyuo.

19. Shahada ya nje itatambuliwa nyumbani?

Ipeleke kutambuliwa kwenye tume ya vyuo vikuu: TCU kwa Tanzania, CUE kwa Kenya. Chunguza hilo kabla ya kujiunga na kozi ya mtandaoni.

20. Darasani wataizungumzia kambi ninayoijua, na watakosea. Nifanyeje?

Zungumza, na uje na ushahidi. Kwetu ilionyeshwa picha ya soko la kambi Kigoma kama mfano wa wakimbizi kujitegemea. Lile soko la pamoja, ambapo akina mama wa vijijini walileta ndizi na wakimbizi wakaleta mafuta ya mgao, lilikuwa limeshafungwa kwa amri. Nilinyoosha mkono nikasema. Mwalimu hakukasirika. Aliniuliza nimejuaje, nani mwingine anasema hivyo, na akina mama wa vijijini sasa wanauza wapi. Mawili ya kwanza niliyajibu palepale. La tatu sikuwa na jibu lake, na ndilo nililoliandikia tasnifu.